Kadi Imekaa, Mashine Haizungumzi: Kufunga Moduli ya Mawasiliano Kwenye Reki ya Kidhibiti

Kusukuma moduli ya mawasiliano, au kadi kama mafundi wanavyoiita, ndani ya reki ya kidhibiti ni kazi ya dakika 5. Hata hivyo, katika viwanda vya Nairobi, kuanzia Barabara ya Enterprise hadi Baba Dogo, kazi hiyohiyo inaweza kummalizia fundi siku nzima, na ikifika jioni hukumu inayotolewa huwa moja: kadi ni mbovu. Kadi hurudishwa dukani, huletwa nyingine, nayo hukataa vilevile. Katika kazi zangu nimeona kadi nzima zikihukumiwa hivyo mara nyingi kuliko zile zilizokuwa mbovu kweli, na karibu kila mara kosa lilikuwa mahali ambapo hakuna aliyeangalia, kwa sababu kadi ilikuwa imekaa vizuri na taa yake ilikuwa imewaka.

Kidhibiti ninachokizungumzia ni kile ambacho mafundi hukiita PLC, yaani kompyuta ya kiwandani inayosoma swichi na vihisi, ikapitia programu yake, kisha ikaamuru mota, vali na taa. Kizazi cha kwanza kilitokea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati kampuni ya General Motors ilipotafuta kitu cha kuchukua nafasi ya makabati ya relei (swichi zinazovutwa kwa sumaku ya umeme) ambayo yalilazimika kufungwa waya upya kila muundo wa gari ulipobadilika. Dick Morley na wenzake walijibu kwa kifaa kilichoitwa Modicon 084. Vidhibiti vikubwa vya leo hujengwa kwa vipande, ndizo kadi. Kuna kipande cha kugawa umeme, yaani pawasaplai, kipande chenye prosesa, vipande vya kupokea ishara, vipande vya kutoa amri, na vile vya mawasiliano, ambavyo huunganisha kidhibiti na skrini za waendeshaji, inverta za mota (vifaa vinavyorekebisha mwendo wa mota), mizani na vidhibiti vingine. Vyote hukaa kwenye fremu moja, ndiyo reki, na nyuma ya fremu hiyo kuna bodi yenye soketi zilizopangwa kwa mstari. Bodi hiyo, ambayo nitaiita ubao wa nyuma, hubeba mambo mawili kwa pamoja: umeme wa kuendesha kadi zote, na mazungumzo kati ya kadi hizo na prosesa. Anayeona reki kama rafu ya kupangia kadi tu atayakosa yote mawili.

Tuanze na umeme, kwa kuwa ndio unaosahaulika zaidi. Ubao wa nyuma hugawa umeme wa mkondo mnyoofu, kwa kawaida volti 5 kwa ajili ya saketi za kadi zenyewe na, katika familia nyingi, volti 24 kwa ajili ya relei na saketi nyingine. Aliyewahi kuishi kwenye ploti yenye mita moja ya umeme ataelewa haraka: kila mpangaji ana soketi yake chumbani, lakini mita ni moja, na siku wote watakapowasha koili na pasi kwa wakati mmoja, giza litawapata wote, hata yule aliyekuwa akichaji simu tu. Nafasi tupu kwenye reki ni chumba kitupu kwenye ploti. Haikuambii chochote kuhusu nguvu ya mita.

Kadi za mawasiliano ndizo wapangaji wenye koili. Katika familia ya ControlLogix ya Allen-Bradley, kadi ya kupokea ishara 16 aina ya 1756-IB16 huvuta ampea 0.1 kwenye umeme wa volti 5.1 wa ubao wa nyuma, ilhali kadi ya ethaneti (mtandao wa kebo kama ule wa kompyuta za ofisini) aina ya 1756-EN2T huvuta ampea 1, yaani mara kumi zaidi. Sababu yake ni kwamba kadi ya mawasiliano ni kompyuta kamili yenye prosesa yake, kumbukumbu yake na kazi isiyokatika, wakati kadi ya kupokea ishara haina kubwa la kufanya zaidi ya kutazama kama waya una umeme au hauna.

Chukua mfano wa reki ndogo ya zamani ambayo pawasaplai yake hutoa ampea 2 kwenye volti 5. Prosesa inavuta ampea 1. Kadi mbili za relei zinavuta ampea 0.17 kila moja, yaani 0.34, kadi tatu za kupokea ishara zinavuta 0.085 kila moja, yaani 0.255. Jumla ni ampea 1.595, na inaonekana kuna akiba ya kutosha. Mwenye kiwanda anataka kuunganisha inverta nne kwa mtandao, kwa hiyo inanunuliwa kadi ya mawasiliano inayovuta ampea 0.5. Jumla mpya ni 2.095. Tumezidisha kwa ampea 0.095, kiasi kidogo mno ambacho fundi mwenye haraka atakipuuza, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu reki hiyo pengine itawaka vizuri siku ya kwanza. Namba zinazoandikwa kwenye vitabu vya watengenezaji ni za juu kabisa. Kadi ya relei hula kidogo relei zake zikiwa zimelala. Jaribio linafanywa Jumapili, mashine zikiwa zimesimama, kila kitu kinajibu, fundi analipwa na kwenda. Jumanne saa nne asubuhi, laini zote zikiwa kazini na relei zote zimekamata, pawasaplai inachoka, prosesa inajizima, na kila mtu anainyooshea kidole kadi mpya. Wana haki nusu: kadi ndiyo iliyoleta balaa, lakini si mbovu.

Hesabu ya volti 24 hufanywa peke yake, kwa kuwa pawasaplai inaweza kutosha upande mmoja na kupungukiwa upande wa pili. Ampea zikizidi upande wowote, dawa ni pawasaplai kubwa zaidi au reki ya pili. Wapo wanaochomoa kadi moja ya ishara ambayo wanadhani haitumiki. Kabla ya kufanya hivyo ni vyema kumuuliza mtu wa zamani kiwandani, kwa sababu kadi inayoonekana haina kazi huwa mara nyingi ndiyo inayolinda boila.

Baada ya umeme huja suala la mahali. Kila mtengenezaji ana desturi yake, na fundi aliyezoea chapa moja hupotea kwenye nyingine. Katika SLC 500, familia ya zamani ya Allen-Bradley, prosesa hukaa nafasi ya 0 na si kwingine, kisha kadi hujipanga kuanzia nafasi ya 1. Katika ControlLogix prosesa inaweza kukaa popote, ingawa kuhesabu nako huanza na 0, jambo linalowafanya wengi wahesabu kwa kidole kutoka kushoto, wapate nafasi ya tano, waandike 5 kwenye programu pale ilipotakiwa 4. Katika S7-300 ya Siemens, pawasaplai huhesabiwa nafasi ya 1, prosesa nafasi ya 2, nafasi ya 3 hutengewa kadi ya kuunganisha reki ya ziada hata kama kadi hiyo haipo, na kadi nyingine zote, za mawasiliano zikiwemo, huchukua nafasi ya 4 hadi ya 11. Ndugu yake mdogo, S7-1200, hugeuza mpangilio: kadi za mawasiliano hufungwa upande wa kushoto wa prosesa, zisizidi 3, na kadi za ishara upande wa kulia. Hizi mbili za mwisho, tukitaka kuwa wakali wa maneno, hazina fremu yenye ubao wa nyuma. Kadi hushikana zenyewe kwa viunganishi, lakini mantiki ni ileile.

Mahali na utambulisho huenda pamoja, kwa sababu programu ndani ya prosesa huwa na orodha inayosema kila nafasi inakaliwa na nani: aina gani ya kadi, namba gani ya bidhaa, na toleo gani la programu ya ndani ya kadi. Prosesa inapowaka, huilinganisha orodha hiyo na kinachopatikana kwenye ubao wa nyuma. Visipolingana, inaweza kukataa kuongea na kadi husika, au kukataa kufanya kazi kabisa, kulingana na familia na mipangilio. ControlLogix humpa fundi viwango vitatu vya ukali: kadi ilingane kabisa, kadi iwe ya toleo linalopatana, au ukaguzi uzimwe. Kiwango cha katikati hutosha kwa kazi nyingi. Kuhusu kile cha tatu msimamo wangu ni mkali: kuuzima ukaguzi ili mashine iondoke haraka ni sawa na askari wa lango anayefungua geti kila honi inapopigwa. Siku nyingi haitatokea kitu, kisha siku moja mtu atachomeka kadi isiyostahili katika nafasi hiyo, na prosesa haitakuwa na sababu ya kumzuia.

Tatizo la toleo la programu ya ndani hujitokeza zaidi hapa kwetu kuliko kwenye vitabu, kwa kuwa kadi nyingi zinazonunuliwa kama spea hukaa ghalani miaka mingi au hutoka kwenye mashine nyingine iliyobomolewa. Kadi yenye jina lilelile na umbo lilelile inaweza kuwa na toleo la zamani lisilofahamu lugha ya prosesa mpya. Dawa ni kulisasisha toleo hilo kwa kutumia programu ya mtengenezaji, na hapo pana tahadhari moja kubwa: umeme ukikatika katikati ya kusasisha, kadi inaweza kubaki bila akili kabisa. Kwa hiyo kipakatalishi kiwe na chaji, na reki pamoja na swichi ya mtandao (kisanduku kinachounganisha kebo za ethaneti) iliyo kati yake na kipakatalishi vilishwe kupitia betri ya akiba, hata kama kwa siku hiyo tu. Sijawahi kujutia muda nilioutumia kubeba betri hiyo.

Sasa twende kwenye paneli yenyewe, yaani kabati la umeme lenye reki. Kabla ya kuzima chochote, nakili programu iliyomo kwenye prosesa. Vidhibiti vya zamani vingi huhifadhi programu katika kumbukumbu inayotegemea betri ndogo, na betri hiyo ikiwa imekufa bila mtu kujua, programu huendelea kuishi kwa sababu tu reki haijawahi kuzimwa. Fundi anayekuja kuongeza kadi ndiye anayezima, na akiwasha tena anakuta prosesa tupu, bila nakala, na mashine iliyofanya kazi miaka 15 imekuwa sanduku la chuma. Kwa sura, kazi ilikuwa ya kuongeza kadi tu, lakini gharama ya kosa hilo ni kuandika mantiki ya kiwanda upya. Taa ya betri kwenye prosesa itazamwe kwanza, na betri ikibidi kubadilishwa, ibadilishwe reki ikiwa imewaka pale kitabu kinaporuhusu.

Kuzima nako kuna utaratibu. Umeme wa Kenya ni volti 240, na ndani ya paneli moja huweza kuwa na nyaya za volti 240 zinazotoka chanzo kingine kabisa, kwa mfano saketi ya taa au amri inayotoka paneli jirani. Swichi kuu ifungwe kwa kufuli ya yule anayefanya kazi, kibandiko chenye jina lake kiwekwe, na multimita ithibitishe kwamba waya umekufa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa watu wake, lakini kufuli iliyo mfukoni mwa fundi ndiyo inayofanya kazi hiyo saa ile.

Wapo watakaouliza kwa nini kuzima, ilhali kadi za familia fulani zinaruhusiwa kuchomekwa reki ikiwa hai. Ni kweli, ControlLogix ilitengenezwa hivyo. SLC 500 na S7-300 ya kawaida hazikutengenezwa hivyo, na kuchomoa kadi kwenye reki hizo zikiwa hai kunaweza kuharibu kadi au ubao wa nyuma. Hata pale inaporuhusiwa, cheche ndogo hutokea pini zinapogusana, na mtengenezaji mwenyewe hukataza jambo hilo mahali penye gesi au vumbi linaloweza kulipuka. Kinu cha unga ni mahali pa namna hiyo. Vumbi la unga wa mahindi likitanda hewani linawaka kwa mlipuko, ingawa jikoni tunalisonga ugali bila wasiwasi.

Kadi itolewe kwenye mfuko wake wa kuzuia umemetuli (umeme unaojikusanya mwilini na kwenye vitu) dakika ileile ya kuifunga, si asubuhi ili iwekwe juu ya kabati ikisubiri. Mwili wa binadamu hauhisi mshtuko wa umemetuli mpaka ufike takriban volti 3,000, ilhali chipu nyingine huumia chini ya volti 100. Kwa hiyo mtu anaweza kuijeruhi kadi bila yeye kuhisi lolote. Miezi ya Januari na Februari, hewa ya Nairobi inapokauka, hatari huongezeka. Vaa mkanda wa kifundo cha mkono uliounganishwa na ardhi, na usipokuwa nao, angalau gusa chuma tupu cha paneli kilichounganishwa na ardhi kabla ya kuishika kadi, kisha ushike kingo zake na si pini. Tazama pini za ubao wa nyuma kwa tochi, uone kama kuna iliyopinda au vumbi lililoganda. Panga kingo za kadi na mifereji ya juu na chini, sukuma kwa nguvu ya kiasi mpaka vibanio vikae. Ikikataa, itoe, usiigonge. Hayo ndiyo yote kuhusu kuingiza kadi.

Ugumu unaofuata uko kwenye waya. Mtandao unaokutana nao zaidi katika viwanda vya hapa ni Modbus, lugha ambayo kampuni ya Modicon iliitoa mwaka wa 1979 na ambayo mpaka leo huzungumzwa na mita za umeme, inverta na mizani za kila aina, mara nyingi juu ya nyaya za kiwango cha RS-485. Kiwango hicho huruhusu waya kufika takriban mita 1,200 kwa mwendo mdogo, na vifaa 32 vya kawaida kwenye mstari mmoja. Neno muhimu ni mstari. Waya upite kifaa hadi kifaa kama uzi unaopita kwenye shanga. Usigawanywe kama matawi ya mti kutoka sanduku moja la katikati, ingawa hivyo ndivyo mafundi wa nyumba walivyozoea kufunga taa. Ishara inayosafiri kwenye waya ikifika mwisho bila kumezwa hurudi nyuma kama mwangwi, ikaja kuvuruga ishara inayofuata. Kinachoimeza ni rezista ya ohmu 120 inayofungwa kwenye ncha mbili za mstari, mbili tu, si kwenye kila kifaa.

Kuna jaribio la dakika moja ambalo ningependa kila fundi alifanye kabla ya kuilaumu kadi. Zima vifaa vyote vya mstari huo, weka multimita kwenye ohmu, pima kati ya nyaya mbili za data. Ukisoma karibu na 60, rezista mbili ziko sambamba na kila kitu kiko sawa. Ukisoma karibu na 120, ncha moja haina rezista au waya umekatika kati yako na ncha hiyo. Ukisoma 40, kuna rezista ya tatu mahali fulani katikati, kwa kawaida ndani ya kifaa kipya ambacho swichi yake ndogo iliachwa imewashwa kutoka kiwandani. Kipimo hiki ni cha RS-485 ya kawaida; Profibus, mtandao mwingine wa viwandani, ina mpangilio wake wa rezista, na plagi zake nyingi zina swichi ndogo ya kuwasha na kuzima. Kwenye plagi hizo, swichi ikiwashwa katikati ya mstari, kebo inayotoka kwenda mbele hukatwa palepale, na vifaa vyote vilivyo mbele hutoweka kwa pamoja. Vifaa sita vikipotea kwa mkupuo, tafuta swichi hiyo kwanza.

Jambo jingine la RS-485 linaloudhi ni herufi. Watengenezaji hawakubaliani waya upi ni A na upi ni B, na kifaa cha kampuni moja chenye A kinaweza kulingana na B ya kampuni nyingine. Zikibadilishwa, kwa kawaida hakuna kinachoungua. Mawasiliano yanakosekana tu. Kwa hiyo, mstari ukiwa kimya na vipimo viko sawa, geuza nyaya mbili na ujaribu tena bila aibu.

Ethaneti ni rahisi zaidi kwa waya, lakini si salama kwa uzembe. Kebo ya shaba isizidi mita 100 kutoka kifaa hadi swichi, na isilazwe kwenye trei moja na kebo za mota zinazoendeshwa na inverta, kwa sababu inverta hutoa kelele za umeme zinazoingia kwenye data. Zikilazimika kukutana, zikatizane kwa pembe mraba. Wavu wa chuma unaozunguka nyaya za kebo ya kiwandani uunganishwe na ardhi jinsi kitabu kinavyosema, na bamba ambalo reki imefungwa juu yake likwanguliwe rangi pale skrubu inapogusa, kwani rangi nzuri ya paneli ni kihami, yaani huzuia umeme kupita.

Kisha kuna anwani, yaani namba inayotambulisha kila kifaa kwenye mtandao, na hapa nina kisa. Katika kiwanda kimoja cha kufungasha bidhaa katika Eneo la Viwanda, skrini ya mwendeshaji ilikuwa ikipoteza mawasiliano kila asubuhi kati ya saa moja unusu na saa mbili unusu, kisha ikapona yenyewe. Kadi ya ethaneti ilikuwa imebadilishwa mara mbili kabla sijaitwa. Nilipofika muda huohuo wa asubuhi, nilichomoa kebo ya kadi, nikaituma kompyuta iite anwani ya kadi hiyo kwenye mtandao, na anwani ikaitika, ingawa kadi yenyewe ilikuwa haina waya. Kulikuwa na mwingine anayetumia jina lake. Tulifuata kebo moja moja mpaka langoni, tukaikuta mashine ya kuandikisha wafanyakazi kwa alama za vidole, iliyopewa anwani ileile ya 192.168.1.50 na kuchomekwa kwenye swichi iliyokuwa karibu. Msimamizi wa lango alikuwa akiizima zamu ikishaingia, ili wanaochelewa walazimike kupitia ofisini. Utaratibu wake ndio uliotupa saa kamili ya ugonjwa.

Dawa ilikuwa kuutenga mtandao wa mashine na ule wa ofisi, na kuandika orodha ya anwani zote kwenye karatasi moja. Kutenga huko kuna faida nyingine: Modbus ya ethaneti, inayotumia mlango (port) namba 502, haimuulizi anayeita neno la siri, kwa hiyo yeyote aliyeko kwenye mtandao anaweza kuandika thamani ndani ya kidhibiti. Kadi ya namna hiyo isiachwe kamwe ionekane kutoka intaneti. Kwenye Modbus ya nyaya, anwani huanzia 1 hadi 247 na kugongana kwake huleta vurugu ileile. Profinet, mtandao wa viwandani unaopita kwenye ethaneti, nayo hutambua vifaa kwa jina, si kwa anwani peke yake. Kadi mpya iliyofungwa mahali pa ya zamani bila kupewa jina la marehemu inaweza kukaa hapo ikiwaka taa bila kuulizwa chochote.

Kuhusu taa hizo, kila moja ina swali lake. Taa ya hali ya kadi ikiwa kijani inasema kwamba kadi ni nzima. Haisemi kwamba kuna anayeisikiliza. Taa ya mtandao ndiyo inayosema habari za mazungumzo, na ya kiungo inasema tu kwamba kebo ina mtu upande wa pili. Fundi anayeripoti kwamba taa ni ya kijani aulizwe ipi.

Mazingira hayahitaji maneno mengi, isipokuwa moja ambalo wengi hawalifikirii. Vifaa vingi vya namna hii huidhinishwa kufanya kazi hadi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa nyembamba hupoza vibaya na huhami umeme vibaya. Nairobi iko chini kidogo ya kiwango hicho, lakini mwendo mfupi tu kutoka mjini, kwenye viwanda vya chai vya upande wa Limuru, umekivuka. Huko joto la juu linaloruhusiwa, ambalo kwa reki nyingi ni nyuzi 60 za Selsiasi, halipaswi kuhesabiwa kama lilivyoandikwa. Soma ukurasa wa mtengenezaji kuhusu mwinuko. Nafasi tupu zifunikwe kwa vifuniko vyake, na nafasi ya hewa juu na chini ya reki isigeuzwe kuwa mahali pa kuhifadhi bisibisi na michoro.

Kazi ikishamalizika na kila kifaa kikijibu, lipo jaribio la mwisho ambalo wengi hulikwepa kwa sababu linaogopesha: zima reki nzima, subiri sekunde 30, uwashe bila kugusa chochote. Kadi nyingi za ethaneti huja zikiwa zimepangwa kuomba anwani kwa mtandao kila zinapowaka. Fundi huipa anwani kwa kipakatalishi chake, mambo yakaenda, lakini asipozima tabia hiyo ya kuomba, umeme utakapokatika usiku wa manane kadi itaamka bila anwani, itaomba, na kipakatalishi kilichoijibu mara ya kwanza kitakuwa nyumbani Kayole. Reki ikiamka peke yake na skrini ikarudi bila msaada, chukua nakala mpya ya programu, andika anwani, namba ya bidhaa, toleo na tarehe kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa paneli, kisha utoe kufuli yako.